Sitaha ya Nyumba ya Pwani: Mbao Zipi Ununue, Zipi Uziache

Jaribu kufungua skrubu moja kwenye sitaha, yaani jukwaa la mbao lililo nje ya nyumba, iliyokaa miaka kadhaa karibu na bahari, ikiwa ilifungwa kwa skrubu za kawaida. Kichwa kimevimba kutu, na mstari wa kahawia umechuruzika juu ya ubao. Ukitia bisibisi na kukaza mkono, mara nyingi kichwa hukatika na shina hubaki ndani ya boriti, limeliwa hadi limekuwa jembamba kama njiti ya kiberiti. Ubao wenyewe, ule uliogharimu fedha nyingi, bado ni mzima.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike kabla hujachagua rangi ya ubao: pwani, sitaha hufa kuanzia chini. Mbao za kompositi zimepata sifa ya kutosumbua, na sifa hiyo zinastahili kupewa. Huzipigi msasa, huzipaki mafuta wala vanishi, na hazikuchomi vibanzi miguuni. Lakini ubao wenye dhamana ya miaka 25 ukiulaza juu ya boriti itakayooza kabla ya miaka 10, umenunua ubao wa miaka 10. Nitazipanga mbao kwa ubora wake pwani, kisha nitashuka chini, mahali ambapo wanunuzi wengi hawaangalii.

Kwanza tuelewane kompositi ni nini. Ni unga wa mbao uliochanganywa na plastiki, mara nyingi poliethilini iliyorejelezwa, ukayeyushwa na kusukumwa kupitia umbo la ubao. Zile za kwanza, zilizoenea miaka ya 1990, zilikuwa uchi: unga wa mbao ulikaa wazi juani na mvuani. Maji yaliingia, kuvu ikapata chakula, madoa meusi yakatokea, rangi ikapauka. Baadaye viwanda vikaanza kuuvika ubao ganda la plastiki ngumu likiwa bado la moto, likashikamana nao. Ukienda kununua leo, swali la kwanza ni hilo ganda: lipo, na linafunika pande ngapi?

Nafasi ya kwanza: ubao wa PVC

Ndani yake hamna hata chembe ya mbao. Ni plastiki iliyotiwa vipovu vidogo ili iwe nyepesi, juu ikavikwa ganda la kukinga jua. Kuvu haina cha kula ndani yake, na maji hayana pa kujificha. Nyumba ambayo rasharasha za mawimbi zinaifikia, au sitaha inayopita juu ya maji yenyewe, mimi sioni ubao wa kushindana na huu.

Kasoro zake ni mbili. Ya kwanza ni bei, kwani kwa kawaida huizidi kompositi. Ya pili ni kurefuka kwa joto, na hii ndiyo inayowaponza mafundi. Joto la ubao likipanda nyuzi 30 za Selsiasi, kipande cha mita 5 hurefuka takribani milimita 8. Fundi akizibana ncha kwa ncha asubuhi yenye ubaridi, mchana mbao zitasukumana hadi zivute klipu zinazozishika kwenye boriti. Mpe fundi karatasi ya mtengenezaji yenye jedwali la nafasi kulingana na joto la siku ya kazi, na uhakikishe ameisoma.

Nafasi ya pili: kompositi yenye ganda pande zote nne

Kwa nyumba nyingi zilizo nyuma kidogo ya ufuko, huu ndio ununuzi wa busara. Ni mzito, una mguso unaokaribia wa mbao, na haurefuki sana kama PVC. Sharti langu ni moja: ganda lizunguke hata tumbo la ubao. Pwani unyevu hautoki juu peke yake. Mvuke hupanda kutoka ardhini usiku kucha na kukaa chini ya sitaha, na hapo ndipo ubao usio na ganda chini hunywa maji bila wewe kuona.

Ukinunua, geuza kipande ukitazame upande wa chini, kisha tazama ncha iliyokatwa. Utaona moyo wa kahawia wenye chembechembe za mbao, na kuuzunguka ukanda mwembamba wenye rangi iliyokolea. Ukanda huo uwe na unene ulio sawa kila upande, usiwe umetoweka kwenye pembe. Pitisha ukucha mpakani mwa ganda na moyo. Ukiona linaanza kubanduka kwenye sampuli, kiache hicho kipande na kampuni yake.

Nafasi ya tatu: plastiki na madini

Hapa unga wa mbao umeondolewa na nafasi yake imechukuliwa na unga wa madini ndani ya polipropilini. Hautanuki sana kwa joto, maji hauyajali, na baadhi ya watengenezaji huruhusu uguse udongo au uzame majini. Kwa ubora peke yake ningeuweka juu zaidi. Nimeushusha kwa sababu wauzaji wake ni wachache, na ubao ambao huwezi kupata kipande cha kubadilishia baada ya miaka mitano ni shida.

Nafasi ya nne: alumini

Mbao za alumini zilizopakwa rangi ya unga na kuokwa hazichomeki, haziozi, na mchwa hawana habari nazo. Zinafaa sana kwenye roshani za ghorofa. Miguuni, hata hivyo, hazina utulivu wa mbao, hutoa mlio ukitembea, na rangi ikikwaruzika karibu na bahari lazima uizibe mapema kabla chumvi haijatambaa chini yake.

Nafasi ya tano: kompositi yenye ganda pande tatu

Bei yake ni nafuu kuliko ya pande nne, na kwenye sitaha iliyoinuka juu na kupitisha upepo vizuri, inaweza kukutosha. Ikiwa sitaha yako iko chini karibu na ardhi, usiinunue.

Za kuacha kabisa

Kompositi isiyo na ganda lolote, na ile yenye mashimo marefu ndani, uzito wake mwepesi mkononi. Ile ya mashimo huwapendeza wengi kwa bei, lakini ncha zake zisipozibwa vizuri maji ya chumvi huingia na kutuama humo, wadudu nao wakahamia. Pwani sioni sababu ya kuitafuta.

Wako watakaouliza kuhusu mbao halisi ngumu, kama mtiki au ipe. Ni nzuri mno, na hudumu pwani miaka mingi. Ila ziache bila mafuta zitageuka kijivu, na ukitaka zibaki na rangi yake utashika brashi tena na tena. Kama unaipenda kazi hiyo, nunua bila wasiwasi. Hazimo tu kwenye orodha ya zisizohitaji matunzo.

Rangi si urembo peke yake

Mbao zote za plastiki hushika joto juani, na zenye rangi nyeusi au kahawia iliyokolea huwa kali kwa nyayo zisizo na viatu. Nyumba ya pwani ina watoto wanaotoka majini wakikimbia peku. Chagua rangi ya mchanga, kijivu chepesi au asali. Kabla ya kulipa, omba sampuli tatu, ziweke juani saa sita mchana kwa saa nzima, kisha zikanyage peku. Utajua ubao wako ni upi. Na ikiwa una madirisha yenye kioo cha kuzuia joto kinachoelekea sitaha, tazama mwanga wake unapiga wapi, kwa kuwa mwanga uliorudishwa na kioo cha aina hiyo umewahi kupinda mbao za plastiki.

Sasa twende chini

Tenga fedha za fremu na skrubu kabla ya fedha za ubao. Ikikubidi upunguze, shuka nafasi moja kwenye orodha ya mbao, lakini usishuke kwenye skrubu.

Stenlesi, chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, si moja. Daraja 304 na daraja 316 zinang'aa sawa dukani, na sumaku haiwezi kukutofautishia. Tofauti ni metali iitwayo molibdenamu: 316 ina asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayoizuia chumvi isitoboe chuma vijishimo. Kwenye vichwa vya skrubu na boliti nyingi utaona alama ya A2 au A4. A2 ni jamii ya 304, A4 ni jamii ya 316. Karibu na bahari chukua A4, na klipu ziwe za daraja hilohilo. Klipu nazifurahia kwa sababu nyingine pia: hukaa kwenye mfereji wa pembeni, hivyo ganda la juu halitobolewi.

Usichanganye metali. Skrubu ya stenlesi ikifungwa kwenye kishikizo cha boriti kilichochovywa kwenye zinki, na maji ya chumvi yakawa kati yao, zinki ndiyo inayoliwa. Kila kitu kiwe stenlesi, au vishikizo na misumari yake vyote viwe vya zinki nene iliyochovywa kwa moto. Na kama fremu ni ya mbao zilizotiwa dawa, kumbuka kwamba tangu Marekani ilipoachana na dawa ya CCA, iliyo na arseniki, kwenye mbao za majumbani mwishoni mwa 2003, dawa nyingi zilizoshika nafasi yake zina shaba kwa wingi, na shaba hula upesi chuma chenye zinki nyembamba. Hula alumini pia, kwa hiyo fremu ya alumini isiguse mbao za namna hiyo.

Fremu ya alumini ndiyo ningeichagua kwa nyumba iliyo ufukweni kabisa. Kwa nyingine, mbao zenye dawa zinatosha, mradi mgongo wa kila boriti ubandikwe utepe wa butili, yaani utepe wa kunata wa aina ya mpira. Utepe huo hauongezi gharama kubwa, nao huziba tundu la kila skrubu maji yasishukie ndani ya boriti. Kila ncha iliyokatwa ipakwe dawa papo hapo, kabla haijafunikwa.

Boriti ziachane kwa sentimita 40 kutoka kati hadi kati, wala si zaidi. Mbao zikilazwa mshazari, au kwenye ngazi, boriti zisogezwe hadi sentimita 30. Mahali penye jua kali mimi ningeweka 30 kote, kwa sababu plastiki ikipata joto hulegea na kubonyea kati ya boriti. Kati ya ubao na ubao acha milimita 5 hivi, maji na mchanga vipite. Chini ya sitaha paachwe wazi upepo uingie upande mmoja na kutokea wa pili. Ukipaziba ili papendeze, unyevu utabaki humo.

Kusoma dhamana na kupima sampuli

Dhamana ya miaka 25 au 50 huwa inauhusu ubao peke yake. Tafuta mistari inayotaja gharama za fundi, kupauka kwa rangi, na sitaha iliyo karibu na maji ya chumvi. Soma pia maelekezo ya kufunga, maana nafasi zisipofuatwa dhamana mara nyingi huanguka.

Kisha fanya kipimo chako. Kata sampuli mbili za urefu sawa, zipime unene na upana. Moja itumbukize kwenye ndoo ya maji ya bahari kwa wiki mbili, nyingine ifunike nusu kwa kitambaa kizito na uiache juani. Ile ya ndoo ikivimba kwenye ncha, au ya jua ikionyesha mpaka wa rangi mapema hivyo, umeshapata jibu kabla ya kuagiza mzigo mzima.

Ukishaifunga, suuza sitaha kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara, kwa kuwa chumvi huvuta unyevu na ukungu hufuata. Sugua kwa brashi laini na sabuni ya kawaida, ukifuata urefu wa ubao. Mashine ya presha ukiitumia, iwe ya nguvu ndogo na maji yatoke kwa kutawanyika. Mazulia yenye mpira chini yaondoe, huacha doa lisilotoka. Na mara moja kwa mwaka chukua tochi, ingia chini, uangalie vichwa vya skrubu na vishikizo vya boriti kimoja kimoja.