Nakala za barua za masultani wa Kimalay: printi safi, ila wamekata pabaya

Kama unapenda maandishi ya zamani hii seti itakuvutia, karatasi nzito, rangi ya dhahabu imetoka vizuri, niliagiza duka moja la mtandaoni la Kuala Lumpur na mzigo ukafika bila hata kona kukunjika. Hapo sina neno.

Ile kubwa ni ya Sultan Iskandar Muda wa Aceh, kaskazini mwa kisiwa cha Sumatra, kwenda kwa mfalme James I wa Uingereza, ya mwaka 1615, yenyewe halisi iko maktaba ya Bodleian kule Oxford na ina urefu wa karibu mita moja. Jamani hii barua! Waingereza wanaomba kufanya biashara Tiku na Pariaman, bandari za pwani ya magharibi ya Sumatra, sultani anaanza kujisifia kwanza, tembo, farasi, dhahabu, nchi zilizo chini yake, mistari na mistari, halafu huko chini ndo anasema haiwezekani, kule ni mbali na watu wake ni wa shamba, wakiwadhulumu watu wako jina langu litachafuka, waje wafanyie biashara hapa hapa Aceh. Kanyimwa mtu na hana hata pa kukasirikia.

Kilichonikera ni zile ndogo, alizoandikiwa Raffles, ofisa wa Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki, kabla Waingereza hawajaivamia Java 1811. Aliyezipanga kaona pembeni kweupe akadhani ni karatasi ya bure, akakata ili maandishi yajae fremu. Sasa adabu ya hizi barua si iko hapo hapo pembeni! Maneno yanasukumwa chini kushoto makusudi, juu inaachwa nafasi ya kichwa cha barua cha Kiarabu, na muhuri unapakwa masizi ya taa unagongwa pambizoni, tena makarani wa ikulu walikuwa na vitabu kabisa, kitab terasul, vya kuwaambia muhuri ukae juu au chini kulingana na nani mkubwa kwa nani. Kwenye moja yangu muhuri umebaki nusu. Sultani nusu!

Na hiyo ni barua iliyokuwa inafungwa hariri ya njano, rangi ya wafalme, inapandishwa tembo na mwavuli juu kama mwenyewe kaja. Kijikaratasi walichoweka ndani kinaeleza yote haya vizuri sana (hata herufi za Jawi, yaani za Kiarabu za kuandikia Kimalay, kama bibi yako alikuandikia Kiswahili kwa Kiarabu utazitambua nyingi), ndo kinachouma zaidi, aliyeandika anajua, mkataji hajasoma.

Nimewaandikia, wamejibu kwa heshima zote, watachapa upya ila nauli juu yangu. Nyota tatu. Chukua ya Iskandar Muda peke yake, wanauza na moja moja.