Hita iliyokuwa ikizima stima nyumba nzima: uzoefu wangu hapa Tudor

Mamangu ana baridi yabisi, na upepo wa kusi ukishaanza magoti yake hayataki maji baridi hata kidogo. Kwa ajili yake nilinunua hita ya tangi, lita 30, wati 1500, ikafungwa bafuni kwetu Tudor, Mombasa. Miezi kumi ya kwanza sina lawama: ukiiwasha, kwa dakika kama hamsini maji yako tayari, na tangi lenyewe hukaa na joto hadi usiku.

Kisha ikaanza vituko. Ukiwasha, dakika saba nane, pa! Giza nyumba nzima. Unairudisha breka, inakaa kidogo, inaanguka tena. Kufikia wiki ya pili ikawa hata haisubiri. Mamangu akarudi kuoga maji ya kuchemshwa kwa gesi, nami nambebea ndoo kutoka jikoni.

Fundi wa kwanza hakupima chochote. Alisema breka ni dhaifu, akatoa ya ampea 20 akatia ya 32. Lakini wati 1500 kwa volti 240 ni ampea 6 na kidogo tu. Hita haikuwahi kuilemea ile ya 20. Tena waya uliopita ukutani ni wa milimita za mraba 2.5, na breka ya 32 ni kubwa mno kwake: waya unaweza kupata moto na breka imetulia tu. Stima ikakatika vilevile. Hapo ndipo aliponiambia, "Mama, tuukate huu waya wa ethi, haitaanguka tena."

Ethi ni ule waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Ni kweli, tungeukata huenda breka isingeanguka. Lakini umeme uliokuwa ukivuja ungebaki kwenye tangi, kwenye mabomba na ndani ya maji, ukimngoja mtu aliye peku kwenye sakafu iliyorowa. Na anayetangulia bafuni kwetu ni mamangu, saa kumi na moja alfajiri. Nilimpa nauli nikamwambia basi. Fundi yeyote akikushauri kukata ethi, tafadhali usimruhusu aguse kitu kingine nyumbani mwako.

Wa pili, kijana mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati Kenya, alianza kwa swali: "Inayoanguka ni ipi?" Nilikuwa sijaangalia. Kumbe si ile ndogo ya hita, bali ile pana yenye kitufe cha kujaribia, inayokata stima umeme ukivujia ardhini. Yetu imeandikwa 30 mA, yaani hukata uvujaji ukifika miliampea 30. Basi shida haikuwa mzigo, ilikuwa uvujaji.

Alizima swichi kuu, akafungua nyaya zinazoingia kwenye elementi, kile chuma cha ndani kinachopasha maji moto, akazifunika ncha, akarudisha stima. Breka ikatulia. Waya wa ukutani uko salama. Akazima tena, akapima. Elementi ncha kwa ncha ilisoma omu 38, sawasawa na wati zake, ndiyo sababu maji yalikuwa yakipata moto siku zote hizo. Lakini kutoka ncha hadi ganda lake la nje la chuma, ambako kipimo cha insulesheni, yaani kinga ya kuzuia umeme usivuje, kilitakiwa kisome angalau megaomu moja, kilikuwa karibu na sufuri.

Alipoichomoa nilisikitika. Magamba meupe mazito, na ufa mwembamba karibu na shina. Fimbo ya magnesi, ambayo kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tangi, imebaki kijiti. Maji ya mfereji kwetu huja kwa zamu, siku nyingine tunajaza ya kisima, na visima vya hapa kisiwani vina chumvi. Aliyeniuzia hita hakuniuliza nyumbani tunatumia maji gani, na hilo bado linaniuma, kwa sababu elementi za kustahimili maji ya chumvi zilikuwepo dukani kwake.

Nilinunua moja ya aina hiyo, sili mpya (mpira wa kuzuia maji yasivuje) na fimbo, jumla Sh3,800, ufundi Sh2,000. Breka ya 32 ikatolewa, ya 20 ikarudi. Huu ni mwezi wa nne, haijaanguka hata mara moja, na kitufe cha kujaribia nakibonyeza kila mwezi kuona kama inakata. Hita hii ningeinunua tena, ila kwa elementi ya chumvi tangu siku ya kwanza. Fimbo tutaifungua mwezi wa Disemba, kabla wageni wa likizo hawajafika.