TAHADHARI: tochi ya "CRI 95" inayodaiwa kutumia betri za AA

Wadau, kama unatafuta tochi ya kuonyesha rangi zilivyo, soma hapa kabla hujatuma hela. Kuna muuzaji wa mtandaoni anayetangaza tochi ndogo yenye CRI 95, lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 10,000, inayotumia betri za kawaida za AA. Niliyoletewa haina hata moja kati ya hayo matatu.

Nianze na rangi, maana ndiyo iliyonifanya niagize. CRI hupima jinsi taa inavyoonyesha rangi ikilinganishwa na mwanga wa jua au wa balbu za zamani za waya, na kilele chake ni 100. LED nyeupe nyingi ni chipu ya buluu iliyofunikwa unga wa njano, kwa hiyo upungufu mkubwa huwa kwenye wekundu. Wajanja wanapitia hapo: CRI inayotangazwa ni wastani wa sampuli 8 za rangi zisizokolea, na wekundu uliokolea, unaoitwa R9, haumo. Tochi inaweza kufikisha CRI 80 huku R9 yake ikiwa karibu na sifuri. Muulize muuzaji R9 ni ngapi na LED ni ya aina gani. Huyu alinijibu kwamba mwanga wake "ni wa njano, hauumizi macho". Hilo ni jambo jingine kabisa! Unjano wa mwanga hupimwa kwa kelvini, na taa ya njano ya kelvini 3000 inaweza kupotosha rangi kama ile nyeupe ya 6500.

Ilipofika niliimulika kiganjani. Juani kiganja huonyesha damu chini ya ngozi. Kwa tochi ile kilipauka, kikawa na ukijani kama cha mgonjwa. Waya ya kahawia na nyekundu zikafanana. Fundi umeme akiiamini tochi hiyo gizani, anahatarisha maisha yake. Jaribu hivyo hivyo kwa macho yako, wala usitegemee picha za tangazo, kwa sababu kamera hurekebisha rangi yenyewe.

Lumeni hazihitaji maneno mengi. LED nzuri hutoa lumeni 100 hadi 150 kwa wati moja, kwa hiyo 10,000 zinadai takriban wati 70 au zaidi. Betri ya ukubwa wa AA haina nguvu hiyo. Tena LED yenye CRI kubwa kwa kawaida hutoa lumeni chache kuliko mwenzake wa kawaida, hivyo ukiona namba zote mbili zimepaa kwenye boksi moja, achana nayo.

Betri ndiyo iliyonitisha. Ndani mlikuwa na betri aina ya 14500, yaani unene wa milimita 14 na urefu wa 50, umbo lile lile la AA, ila ni ya lithiamu yenye volti 3.7, si 1.5. Ganda limeandikwa "AA 2800 mAh" (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inabeba). 14500 halisi huwa na takriban 800 hadi 1000. Nikaweka AA ya dukani, tochi haikuwaka kabisa, kwa sababu haina saketi ya kupandisha volti.

Nilipolalamika, aliniahidi kunirudishia sehemu ndogo ya hela endapo ningefuta malalamiko. Msikubali. Dai lako lipitie kwenye mfumo wa soko ulikonunulia, ukiwa na video ya kufungua kifurushi, na mazungumzo yote yabaki humo humo.

Na kama tayari unayo, itoe hiyo betri leo, uibandike karatasi yenye maandishi makubwa "VOLTI 3.7". Mtu wa nyumbani akiitumbukiza kwenye saa, rimoti au mwanasesere wa mtoto, kifaa kinaweza kuungua. Kwenye chaja ya betri za AA za kuchajiwa usiiweke kamwe: lithiamu ikichajiwa vibaya inaweza kuwaka moto.