Kadi ya uanachama wa klabu: unalipia nini hasa?

Kwenye vijiwe vya kahawa vya Ngamiani, mazungumzo ya mpira siku hizi hayaanzi na kikosi. Yanaanza na mishahara. Wachezaji wamelipwa? Anayelipa ni nani, na siku akichoka itakuwaje? Tanga ina sababu ya kuuliza. Msimu wa 2015/16 timu zetu tatu, Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT, zilishuka daraja kwa mpigo, na Coastal, bingwa wa Tanzania wa mwaka 1988, ikarudi Ligi Kuu msimu wa 2018/19.

Shabiki anayetaka kuisaidia timu yake ana vitu vitatu vya kununua: tiketi, jezi na kadi ya uanachama. Tunaipima kadi, kwa kuwa ndiyo pekee inayokuja na kura. Tunazungumzia kadi za klabu za wanachama kwa jumla, wala hatumnyooshei kidole mtu.

Tiketi na jezi tuzimalize upesi. Kwenye tiketi ya shilingi 5,000, VAT ya asilimia 18 iliyomo ndani ya bei ni shilingi 763 hivi. (Gawa kwa 118, zidisha kwa 18. Wanaokata 900 wamekosea hesabu.) Kisha kuna uwanja wenyewe, maana Mkwakwani ni mali ya CCM, si ya timu, halafu gharama za mchezo. Kinachobaki kinategemea mgeni ni nani: Simba au Yanga ikija, geti linasema lenyewe, akija mwingine, ndugu yangu, tusidanganyane. Jezi nayo inaiingizia klabu pesa ikiwa tu umeinunua kwa muuzaji mwenye mkataba na klabu. Ile inayoning'inia sokoni kwa bei ya kutupa inamsaidia aliyeishona.

Sasa kadi. Unajaza fomu, unaambatanisha picha ndogo na nakala ya kitambulisho, unalipa kiingilio na ada ya mwaka. Hapo kwenye kulipa ndipo pa kufungua macho. Ukiingiza lipa namba kwenye simu, kabla ya namba ya siri jina la mpokeaji linatokea. Likitokea jina la klabu, endelea. Likitokea jina la mtu, hata kama ni katibu wa tawi mnayeheshimiana tangu utotoni, bonyeza ghairi na uombe akaunti ya klabu. Pesa iliyopita kwenye simu ya mtu haionekani kwenye hesabu za klabu, na mkaguzi hana pa kuishika.

Dai stakabadhi yenye namba siku hiyohiyo, yenye maneno mawili tofauti: kiingilio kiasi gani, ada ya mwaka upi. Stakabadhi iliyoandikwa "mchango" tu haikufanyi mwanachama. Kadi ikija, tazama vitu vinne: namba ya uanachama, tawi, tarehe ya kutolewa na mwisho wa ada. Plastiki ing'ae ising'ae, hiyo si hoja. Hoja ni kama namba hiyo imo kwenye daftari la makao makuu. Ugonjwa mkubwa wa kadi hizi ni huu: tawi linakusanya, linatoa kadi, halipeleki majina. Mtu anatembea na kadi miaka miwili, siku ya uchaguzi anafika mlangoni na jina halimo. Dawa yake ni rahisi: mwezi mmoja baada ya kulipa, nenda ofisini uombe uoneshwe mstari wako kwenye daftari. Ofisi inayokataa kukuonesha jina lako mwenyewe imeshajibu maswali mengine yote.

Omba pia katiba kabla ya kulipa. Klabu ya michezo husajiliwa kwa Msajili, chini ya Baraza la Michezo la Taifa, na katiba yake ni sehemu ya usajili huo, kwa hiyo kusiwe na habari ya "iko kwa mwenyekiti". Soma vifungu vitatu tu kama huna muda: nani anahesabiwa mwanachama hai, mkutano mkuu unaitishwaje na kwa akidi gani (idadi ya chini ya wanaotakiwa kuwepo), na wanachama wangapi wakitia saini wanaweza kudai mkutano wa dharura. Angalia hasa siku ya mwisho ya kulipa ada kabla ya mkutano. Kadi iliyochelewa kulipiwa hukuacha nje ya ukumbi ukisikiliza makofi.

Tuje kwenye umiliki. Wengi wanadhani kadi ni hisa. Siyo. Katika mfumo wa asilimia 51 kwa 49 unaotumika klabu za wanachama zinapogeuzwa kampuni, 49 ni za mwekezaji na zile 51 ni za wanachama kwa ujumla wao. Huwezi kuuza sehemu yako, hupati gawio, na ukiacha kulipa ada huondoki na chochote. Unachopata ni kura ya kuwachagua wanaokwenda kuzisimamia hisa hizo. Ndiyo maana daftari la wanachama lina thamani kuliko watu wanavyofikiri: anayelishika daftari anaishika 51 yote.

Na hiyo 51 yenyewe isikulevye. Kwenye kampuni, mambo ya kawaida hupita kwa zaidi ya nusu ya kura, lakini kubadili katiba ya kampuni kunahitaji azimio maalumu, robo tatu ya kura. Wenye 51 hawafiki huko peke yao. Mwenye 49 anaweza kuzuia, kama wao wanavyoweza kumzuia yeye. Kwa hiyo yaliyoandikwa siku ya kwanza ndiyo mtakayoishi nayo. Viti vya bodi vimegawanywaje, nani anamteua mtendaji mkuu, nani anaidhinisha bajeti: hayo yaulizwe kabla ya kupiga makofi.

Mfano unaofahamika ni wa Simba, ambako mwaka 2017 asilimia 49 ziliwekewa dau la shilingi bilioni 20 na mfanyabiashara Mohammed Dewji. Fanya hesabu: klabu nzima ilikuwa imethaminiwa kwa kama bilioni 40.8, yaani asilimia moja ni milioni 408. Tanga akija mtu na ofa, swali la kwanza liwe hilohilo: asilimia moja bei gani, na thamani hiyo kaipiga nani?

Swali la pili ni gumu zaidi, na ndilo linalosahaulika. Pesa inaingia kama hisa au kama mkopo? Tajiri akilipa mishahara, usajili na basi, watu humwita mfadhili. Hesabu zinaweza kumwita mdai. Mkopo hukaa kwenye vitabu mwaka hadi mwaka, na siku anapotaka kuondoka, au kuongezewa hisa, anatoa karatasi. Kwenye taarifa ya fedha tafuta mstari wa madeni kwa wahusika wa karibu, yaani wamiliki na viongozi, kisha ulinganishe na mwaka uliopita. Ukikua huku viongozi wakisema "mlezi wetu ametusaidia", simama uulize.

Deni jingine la kuuliza ni la wachezaji. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kuipa klabu notisi ya maandishi ya siku 15, isipolipa akavunja mkataba kihalali. Wa kigeni akishinda kesi FIFA, klabu ina siku 45 za kulipa. Ikishindwa inafungiwa kusajili, hadi madirisha matatu mazima ya usajili mfululizo. Mshambuliaji aliyecheza mechi sita na kuondoka kimyakimya anaweza kuifunga timu mikono kwa mwaka na nusu.

Upande wa mapato, mkataba wa Azam Media wa kurusha matangazo ya Ligi Kuu ulisainiwa 2021 kwa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Pesa hizo usizigawe kichwakichwa kwa timu 16; si zote zinazokwenda kwa klabu, na nafasi kwenye msimamo inabadilisha mgao. Kwa timu ya mkoani, biashara yenye akili ni vijana. Bakari Mwamnyeto alitoka Coastal kwenda Yanga mwaka 2020. Mchezaji akiuzwa nje ya nchi akiwa ndani ya mkataba, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea: asilimia 0.25 ya ada kwa kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15, na asilimia 0.5 kwa kila mwaka wa 16 hadi 23. Kijana aliyekaa Tanga miaka minne, tangu 16 hadi 19, akiuzwa dola 500,000, klabu inadai dola 10,000. Sharti ni moja: awe alisajiliwa TFF kwa jina na tarehe sahihi kwa miaka yote hiyo. Waulize viongozi kumbukumbu za timu ya vijana ziko wapi. Ukimya utakaofuata unaeleza mengi.

Kadi tunaipa 7 kati ya 10 pale ambapo daftari liko wazi na hesabu zilizokaguliwa zinasomwa mkutanoni. Pasipo hivyo ni 3, na hizo ni za kukutambulisha mlangoni tu. Wa Makorora na Chumbageni anayeweza kuhudhuria mikutano ainunue. Anayeishi Dar es Salaam au Mombasa aulize kwanza kama kura inapigwa kupitia wajumbe wa tawi au lazima awepo ukumbini. Kama ni lazima, ajumlishe nauli ya kwenda na kurudi kwenye ada ya mwaka, hapo ndipo ataijua bei yake.