Moodle katika kozi mseto za vyuo: tathmini kutoka Mtwara

Moodle ni programu ya kuendeshea masomo mtandaoni iliyobuniwa na Martin Dougiamas wa Australia, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2002. Haiuzwi, kwa hiyo chuo chochote kinaweza kuipakua na kuiweka kwenye seva yake (kompyuta inayohifadhi na kusambaza kozi) bila kulipia leseni, ingawa seva yenyewe na mtaalamu wa kuihudumia vina gharama. Ninaipima kwa kazi moja tu, nayo ni kuandaa kozi mseto, yaani kozi ambayo sehemu yake hufundishwa darasani na sehemu nyingine husomwa kwenye simu, hapa Mtwara, ambako wanafunzi wengi wanatoka Newala, Tandahimba na Masasi na hununua bando kidogo kidogo.

Kwa hali hiyo, programu yake ya simu ndiyo inayonivutia kwanza. Mwanafunzi hupakua mada akiwa kwenye Wi-Fi ya chuo, kisha huisoma nyumbani bila intaneti. Hata jaribio anaweza kulifanya nje ya mtandao iwapo mkufunzi ameruhusu katika mipangilio, na majibu yakatumwa mtandao unaporudi. Jaribio la namna hiyo haliwekewi kikomo cha muda, hivyo linafaa kwa mazoezi ya kujipima, si kwa mtihani. Mwezi Mei 2024, nyaya za mawasiliano zilipokatika chini ya Bahari ya Hindi na intaneti ikadorora nchini, umuhimu wa masomo yaliyokwisha kupakuliwa ulionekana wazi.

Uzuri mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, umo katika aina moja ya majadiliano ambayo mwanafunzi haoni majibu ya wenzake mpaka aandike lake kwanza. Tuchukue kozi ya biashara inayochambua mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima hupeleka mazao ghalani, hupewa stakabadhi, na mazao huuzwa kwa mnada, ulioanza kutumika kwa korosho mwaka 2007. Kabla ya kipindi, kila mwanafunzi anaeleza kwa nini, kwa maoni yake, bei ya mnada mmoja hupishana na ya mnada unaofuata. Mkufunzi anayasoma maelezo hayo usiku, na asubuhi anaanza darasa pale pale walipotofautiana, badala ya kuanza kusoma maana ya mnada ubaoni. Hapo simu na darasa vinasukumana mbele, na hata mwanafunzi mkimya, ambaye hanyanyui mkono, anakuwa amekwisha kusema.

Lakini Moodle haimzuii mkufunzi kufanya kozi mbaya. Kupandisha faili ndiyo kazi rahisi kuliko zote, na matokeo yake ni kurasa zilizojaa PDF na slaidi ambazo hakuna anayeulizwa chochote juu yake. Kosa lililo baya zaidi ni kuongeza kazi za mtandaoni huku saa za darasani zikibaki zilezile, maana mwanafunzi hubebeshwa kozi moja na nusu kwa ada ya moja. Ripoti ya Wizara ya Elimu ya Marekani ya mwaka 2010, iliyokusanya matokeo ya tafiti nyingi, ilionyesha kuwa kwa wastani waliosoma kwa njia mseto walifanya vizuri kuliko waliosoma darasani pekee, lakini ikatahadharisha kwamba mara nyingi walipata pia muda zaidi na zana zaidi za kujifunzia, hivyo sifa haiwezi kupewa teknolojia peke yake. Kila kinachohamia kwenye simu kinapaswa kuondoka kwenye ratiba ya darasa.

Sehemu ya alama ina vipengele vingi mno na humchosha mgeni. Ninaipendekeza Moodle kwa chuo chenye mtu wa kuitunza seva na kuhifadhi nakala za kazi mara kwa mara. Mkufunzi anayeanza ahamishe mada mbili tu katika muhula wa kwanza, atumie maandishi na sauti fupi badala ya video ndefu zinazomaliza bando, na alama aendelee kuziweka kwenye daftari lake mpaka aizoee.