Pampu ya mafuta ya Runx yangu: nimebadilisha mara mbili, ya pili ndiyo imetulia

Mwanangu ndiye aliyeusikia ule mluzi kwanza. Amekaa siti ya nyuma, akauliza, "Baba, humu kuna nyuki?" Mimi mbele redio ilikuwa inaimba, sikuwa na habari.

Gari ni Toyota Runx, injini 1NZ. Na nikiri kabisa, mimi ni mtu wa wese la elfu kumi: naweka asubuhi, jioni taa imeshawaka.

Gereji ya kwanza fundi alisikiliza tu, hakupima kitu. "Bosi, pampu hiyo." Tukafunga mpya ya elfu arobaini na tano. Siku kumi na moja za raha, kisha mluzi ukarudi, tena na gari likawa zito kupanda Kimara.

Ninayemsifia hapa ni fundi wa pili, anayewafuata watu nyumbani. Alichelewa saa mbili nzima, lakini alikuja na geji ya presha. Injini hii inataka presha ya mafuta ya psi (kipimo cha presha) 44 hadi 50. Yangu kwenye sailensa, yaani injini inanguruma bila kukanyaga mafuta, ilisoma 40, na akikanyaga mafuta mshale unazidi kushuka. Akasema, "Kaka, pampu inavuta ila haipati."

Akang'oa siti ya nyuma, akafungua kifuniko, akachomoa plagi ya pampu na kuacha injini ingurume mpaka izimike yenyewe, ili presha iishe kwenye mipira. Halafu akatoa waya wa betri. Pampu ilipotoka nilichoka. Ule wavu wa chini, mafundi wanauita soksi, ulikuwa mweusi tii, una tope kama mashapo ya kikombe cha kahawa. Yule wa kwanza alichomeka pampu mpya kwenye soksi kuukuu! Kwa hiyo ile ya elfu arobaini na tano siitukani. Ilikuwa inanyonya kwa shida, ndiyo maana inalia. Na petroli ndiyo inayoipoza na kuilainisha, sasa tanki tupu kila jioni, ingepona vipi?

Tulinyonya mafuta yote, akafuta sakafu ya tanki kwa kitambaa. Nikanunua pampu ya Denso pamoja na soksi mpya, elfu tisini, ufundi elfu thelathini. Geji ikasoma 47 na haikuyumba hata alipokanyaga. Huu ni mwezi wa sita tangu aifunge, natembea nayo kila siku. Mngurumo mdogo upo ukitega sikio kwenye siti, huo ni wa kawaida.

Kasoro moja: kesho yake gari zima lilinuka petroli, tukapanda madirisha yote wazi na mvua ile. Nikampigia, akarudi bila kudai hela. Oringi ya kifuniko, ule mpira wa duara wa kuzibia, ilikuwa imejikunja upande mmoja. Akaipaka mafuta kidogo, akaikalisha vizuri, harufu ikakata.

Pampu naipa nyota tano. Fundi nne, kwa ajili ya ile oringi. Kuchelewa nimemsamehe.