XScreenSaver kwenye saiba: faili la mtumiaji au faili la mfumo?

Saiba yetu pale Kondele, Kisumu, ina mashine sita za Linux. Mteja akitoka nje kununua chai, ukurasa wake wa KRA (mamlaka ya kodi) unabaki wazi kwa kila anayepita. Lazima skrini ijifunge. Kazi hiyo hufanywa na XScreenSaver, programu ya kufunga skrini, na njia za kuipangia ni mbili.

Ya kwanza ni faili la .xscreensaver ndani ya folda ya mtumiaji. Unaandika `lock: True` (skrini ijifunge) na `timeout: 0:03:00` (baada ya dakika tatu bila kuguswa), basi. Programu inaliona badiliko yenyewe bila kuwashwa upya. Ila kila akaunti ina faili lake, na mwenye akaunti anaweza kulibadilisha atakavyo. Nimeshakuta dakika tatu zimegeuzwa saa mbili!

Ya pili ni faili la mfumo, ambalo kwenye Debian (aina moja ya Linux) liko /etc/X11/app-defaults/XScreenSaver. Hapa mstari huanza na nyota: `*lock: True`. Nilisahau hiyo nyota siku ya kwanza, nikapoteza asubuhi nzima nikilaumu kibodi. Faili hili linahitaji ruhusa ya msimamizi, na programu iwashwe upya, lakini ukiandika mara moja, kila akaunti mpya inalifuata.

Tatizo ni kwamba faili la mtumiaji likiwepo, ndilo linaloshinda. Kwa hiyo mimi hutumia la mfumo, kisha jioni nafuta .xscreensaver zote. Kwa laptopu ya nyumbani, sijisumbui: la kwanza linatosha.